Sarafu ya Chumvi

Kijiko kikigonga chupa ya soda mahali popote, hata harusini, mimi huacha ninachofanya. Nyinyi mnasikia kelele tu. Mimi nasikia Jumapili moja mchana kule Manyatta, miaka ya themanini, nikiwa na miaka tisa, na ile klabu ndogo iliyopakana na duka la chumvi na mafuta taa. Ilikuwa na benchi sita, magitaa mawili, ngoma moja na kijana wa kugonga chupa. Ukinyoosha mguu ulimkanyaga mwimbaji.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mpole, lakini muziki ulimshika vibaya. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia huko "dakika moja tu", na hiyo dakika ilimfikisha jioni. Mama akachoka. Siku hiyo alipanga nguo zake kwenye sanduku la bati, akalivuta hadi mlangoni, akaniambia bila kupandisha sauti, "Atieno, baba yako asipokula leo chakula kikiwa moto, kesho mimi niko kwetu Katito." Mama hakuwa mtu wa vitisho vya bure.

Halafu, eti, nivae rinda langu la kanisa nikanunue chumvi. Akanipa sarafu, akanituma hadi duka lile, ilhali jirani yetu aliuza chumvi hapo dirishani kwake. Enzi zetu mtoto akitumwa alikwenda.

Mlango wa klabu ulikuwa wazi. Baba alikuwa benchi la mbele, macho ameyafumba, kichwa kinayumba, ana furaha ambayo nyumbani hatukuwa tunaiona sana.

Sasa niwaeleze desturi ya kwetu. Ukitaka kujisifu, au kumsifu umpendaye, unaweka sarafu kwenye sahani mbele ya mwimbaji. Muziki unasimama, na kila mtu anakusikiliza wewe. Tunaiita pakruok. Mimi nilikuwa nimeshika jambo moja tu katika hayo yote: muziki unasimama. Nikaona ukisimama, Baba atakwenda zake nyumbani. Nikajipenyeza kati ya magoti ya watu wazima, nikaitumbukiza ile sarafu ya chumvi kwenye sahani.

Magitaa yakanyamaza. Kijiko nacho kikanyamaza.

"Nyathina," mwimbaji akaniita, yaani mtoto wangu, "unamsifu nani?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Baba alikuwa amefumbua macho, ananitazama kama aliyeona mzuka. Niliogopa sana, nusura nilie, lakini sarafu ilikuwa imeshaingia.

"Mimi ni Atieno," nikasema, "mtoto wa nyar Katito, binti wa Katito, anayepika samaki mpaka majirani wanameza mate. Na leo amepika. Na sasa hivi samaki anapoa."

Watu walicheka hadi benchi zikalia. Mwimbaji hakucheka. Aliweka kiganja juu ya nyuzi akauliza taratibu, "Bwana wa nyar Katito yuko wapi?"

Baba akasimama, akavaa kofia. "Ni mimi, Mzee," akasema. "Mimi ni bwana wa nyar Katito, na ninaenda kula." Wakatupigia wimbo mpaka tukatoka nje, mkono wangu ndani ya wake.

Nyumbani Baba alilisukuma sanduku kwa mguu hadi chini ya kitanda, akanawa mikono, akaketi. Mama akapakua. Mimi nilikaa roho juu nikingoja kuulizwa chumvi, maana kwa Mama kupoteza ulichotumwa kulikuwa na kiboko chake. Hakuuliza. Wala kesho yake hakuuliza.

Nilikuja kuelewa nikiwa na jiko langu mwenyewe, siku moja nikionja mchuzi kwenye kiganja kabla ya kuuepua. Nikaganda na mwiko mkononi, kisha nikacheka peke yangu hadi machozi yakanitoka. Samaki wa Jumapili ile alikuwa amekolea chumvi.