Ushanga Ulioniangusha Lodwar

Mtu wa tatu aliponiuliza kama ninao wa buluu, nilimkaza mtoto mgongoni kwa leso na kupanda juu ya kiti. Yalikuwa maonyesho ya ubunifu mjini Lodwar, na waandalizi walikuwa wameniweka kwenye meza ya utamaduni, katikati ya vikapu na vibuyu.

“Huu si ushanga wa kuuza,” nilisema kwa sauti. “Ni mashine. Nimeishona mwenyewe kule Kakuma, waya na taa ziko ndani. Anayeivaa akipata homa, inawaka nyekundu.”

Msimamizi akasema, “Sawa, mama. Washa tuone.”

Nilibonyeza, kimya. Nikaupiga kofi kama redio mbovu, bado kimya. Hapo simu ikalia. Mikono ilikuwa imejaa, nikaiweka kwenye spika. Ni mama mkwe.

“Mama Ekai, ejok, hujambo? Huu ushanga wangu umewaka nyekundu kwenye maombi. Pasta ameniombea mara mbili. Nimeenda kupimwa, kumbe ni malaria.”

Mashine nilikuwa nimeishona kwa mfano wa ushanga wake, rangi kwa rangi, na asubuhi kwa haraka nikabeba wake, nikamwachia mashine. Ukumbi mzima ulicheka. Nilishuka kitini, nikaomba karatasi na kuandika malalamiko rasmi:

“Nakiri nilileta ushanga wa mama mkwe. Lakini nyinyi hamkujua hilo. Kwenye fomu niliandika mashine, mkaniangalia, mkaniweka na vikapu. Kesho naleta ile inayowaka. Naomba meza yenye stima.”