Ukurasa Usiofutwa

Mkunga wa kijiji cha Titye alijifunza kuandika uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima cha mwaka sabini na tano. Alibana penseli kana kwamba ingemponyoka, na kila neno alilitamka kabla ya kuliandika kwenye daftari la kumbukumbu zake kwa wajukuu. Mwalimu wake alilisoma mpaka alipofika pale bibi mwenyewe, akiwa binti anayejifunza ukunga, alipoona damu akazimia, hadi mama aliyekuwa akijifungua akammwagia maji.

“Bibi, hapa tufute. Watakucheka.”

“Wacheke tu, mwalimu. Mjukuu wangu Theodosia anaanza uuguzi mwezi ujao, naye akiona damu anatetemeka. Ataanza kusoma hapo hapo.”

Akalamba ncha ya penseli, akaanza kuandika habari za mapacha wa kwanza aliowapokea peke yake.