Mikono ya Korosho

Moshi wa maganda ya korosho ukinipata popote, hasira hunipanda kwanza, sababu hufuata baadaye.

Sisi watoto wa Likombe tulihamishiwa shule moja ya Chuno, mjini, upepo ulipoezua madarasa yetu. Tulifika na viganja vyeusi vinavyobanduka ngozi. Nyumbani tulibangua korosho, na mafuta ya ganda lake huunguza. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama kamasi. Wazazi wa mjini wakasema tuna ugonjwa, wakataka tukalishwe peke yetu. Mwalimu mkuu akakataa, akatuchanganya dawati kwa dawati. Mimi nikaangukia kwa Zuhura, binti wa mnunuzi wa korosho, mtoto mwenye mdomo na roho nzuri, aliyenigawia kalimati zake bila kunikagua vidole.

Zuhura ndiye aliyetaka kuyamaliza maneno yale. Aliniomba korosho mbichi, akazipasua, akajipaka mafuta viganjani ili baba yake aone kuwa hatuna ugonjwa wowote. Ngozi ilipoanza kumbanduka, alinionyesha kwa majivuno huku machozi yakimlengalenga.

Kwenye kikao cha wazazi, baba yake alimsimamisha mbele, akaiinua mikono ya bintiye juu.

"Wazazi wenzangu, tazameni wenyewe. Mwanangu kaambukizwa darasani."

"Baba, nilijipaka," Zuhura akasema. Akakaziwa jicho.

Mama yangu akainuka. "Mzee, hayo mafuta ya korosho tu. Hata wewe unayajua."

"Kaa chini, mama. Hapa tunazungumzia afya za watoto."

Muhula uliofuata wazazi wa mjini walikuwa na shule yao, yenye ukuta mrefu na basi la njano. Zuhura akapandishwa basi, na mimi nikabaki na dawati zima. Nililichukia.

Juzi nimeona bango ukutani kwao linawasifu waanzilishi kwa mapenzi yao ya elimu. Nilitema mate, Mungu anisamehe.

Kwa miaka mingi niliamini mzee yule alikosea, nikamhurumia kwa ujinga wake. Hadi nilipokuwa mtu mzima, nikapeleka korosho zangu ghalani, nikamkuta amekaa na kisu, anapasua moja moja kupima ubora, kama afanyavyo kila mnunuzi tangu zamani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha, na kiganja kinabanduka.

Siku ile alipoinua mikono ya mwanawe mbele yetu, alijua.