Majani Mekundu Chini ya Shiraa

Juma lililopita lilidondoka jani kutoka kwenye bahasha. Mpwa wangu Salim, aliyeko masomoni katika nchi ya baridi, ameniandikia barua ya kurasa nne, na katikati yake amelaza jani jekundu lenye ncha kama vidole vya mtoto. Anasimulia kwamba mji anaokaa umezungukwa na milima, na kwamba ukifika msimu fulani watu hufunga vyakula vyao, wakapanda gari la moshi, wakaenda kutazama miti ikigeuka rangi. Zipo hata karatasi za kuwaelekeza washukie wapi. "Mjomba," ameandika, "kwetu hakuna kitu kama hiki."

Nililinusa lile jani. Lilinuka vumbi na chai iliyopoa, na kwa mbali kama mkeka uliowekwa sandukuni siku nyingi. Basi harufu hiyo ikanishika mkono ikanirudisha mtaa wa Mkomani, nyumbani kwa Bibi, na nikajua kwamba barua ya Salim ina jibu refu kuliko swali.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Hata leo mtu akinialika barazani kwake, mimi huuliza kwanza kama kuna mto wa kuegemea. Nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, kabla ya Vita vya Wajerumani, dunia yangu ilikuwa ua wetu wa ndani, ngazi, na chuo cha Kurani kilichokuwa nyumba ya tatu kutoka yetu. Binamu zangu waliniita kuku wa uvunguni. Bibi aliniita mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na kila asubuhi aliniuliza mbele za watu nimemletea nini kutoka sokoni, mimi nisiyejua soko liko upande gani.

Mwaka ule macho ya Bibi yalikuwa yakifunga. Ukungu ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia, na mganga akasema kwamba kabla ya Ramadhani atakuwa hatofautishi mchana na usiku. Bibi hakulia. Siku ya tatu akasema anataka kuuona mti wa mkungu wa shambani kwa Babu ungali mwekundu.

Mkungu huo marehemu Babu aliupanda mwaka aliomuoa, katika shamba dogo nyuma ya mji. Kila kaskazi ikivuma majani yake hugeuka mekundu yote kabla ya kuanguka, na Babu alikuwa akimpeleka mkewe kuutazama. Ila Bibi alikwenda kama walivyokwenda mabibi wa nyumba kubwa zama zile, ndani ya shiraa. Wasioiona shiraa wafikirie hema jeusi linalotembea: kitambaa kimeinuliwa kwa fito, mwenye heshima yake yuko ndani, na nje wapo vijakazi walioshika fito hizo juani. Aliyemo ndani haoni mbele wala juu. Huona ardhi kiasi cha mkeka mmoja, na nyayo za anayetangulia.

Kisha serikali ikatangaza kwamba hakuna tena mtumwa, na vijakazi wakaenda zao. Tabu, aliyekua pamoja na Bibi tangu utotoni na kumshikia ufito wa mbele umri wake wote, alihamia Langoni, mwisho mwingine wa mji, akajenga tanuri la mikate ya mofa. Hakurudi kutusalimu, na Bibi hakumtaja. Shiraa ikakunjwa.

Mama alishauri Bibi avae buibui, maana wanawake wengi walikwisha kuanza. Bibi akajibu kwamba hatembei mjini kama gunia la makaa lililoota miguu. Kwa hiyo siku moja baada ya sala ya alasiri shiraa ilikunjuliwa, Mama akashika ufito wa nyuma, na ufito wa mbele, kwa kukosa mwanamume mwingine, nikapewa mimi.

"Ndia waiyua, mume wangu?" Bibi aliniuliza.

Nikasema naijua. Mngetaka niseme nini? Mtu ameitwa mume mchana kutwa, kisha akiri hajui njia ya shamba la babu yake?

Hatukufika hata kona ya kwanza. Urefu wangu ulikuwa nusu ya ufito, kwa hiyo mbele tulizama na nyuma tukainuka kama ngamia anayepiga magoti. Kitambaa kilimwangukia Bibi usoni. Nikaanza kupumua kwa kelele ili nionewe huruma, na huruma ikaja: Bibi aliuchukua ufito mwenyewe. Mimi nikaamriwa nitangulie, nitoe pua chini ya pindo, niongoze.

Sasa jambo nitakalowaambia halisadikiki kwa mtu asiyetujua. Mji wetu ukitupa jiwe linakaribia kufika upande wa pili, nasi tulipotea humo. Mama alizaliwa Mkomani, akaolewa Mkomani, na Bibi vivyo hivyo, lakini njia waliijua kwa kumfuata mtu. Ilitupasa tuipe bahari mgongo tupande juu. Mimi nilifuata pua. Palikuwa na harufu tamu ya kitu kinachookwa, na sikuwa nimekula tangu adhuhuri. Kila kichochoro harufu ilipokuwa kali zaidi, nilisema, "Ni huku, Bibi." Nyuma yangu nilimsikia akihema. Mara mbili alisimama kubadilisha mkono, na mara zote mbili aliuliza kama tumekaribia, nami nikamwambia bado kidogo, kwa sauti ya nahodha.

Tulisimama mbele ya tanuri. Nikaona nyayo pana zenye nyufa, zimepakwa vumbi jeupe la unga, na juu yake ikaja sauti ya mwanamke ikiuliza kwa upole wenye kicheko ndani yake hili hema linauza nini.

Bibi aliijua sauti. Mama alininong'oneza nigeuze njia, lakini nigeuzie wapi? Jua lilikuwa linaelekea kushuka, na Bibi alitambua kama mimi kwamba tukirudi nyumbani bila kuuona mkungu, siku nyingine huenda asiwe na jicho la kwenda nalo.

"Tabu," alisema hatimaye, "tumepotea. Nataka kuuona mkungu, na mato yangu yanakwisha."

Mkate ukaanza kunuka kuungua. Tabu aliutoa kwanza. Ndipo akasema, "Ufito sishiki, Bi Esha."

"Sikukuomba ushike."

"Basi nifuateni. Ndia naiyua."

Alinipa mkate wa moto, akajifunika buibui lake, akatangulia. Tulifuata visigino vyake vyeupe kwa unga mpaka mawe ya mji yakaisha na mchanga ukaanza. Hakugeuka kumsaidia Bibi, ila niligundua kwamba alikuwa akienda polepole sana, na kila Bibi aliposimama kubadilisha mkono, visigino navyo vilisimama.

Mara ardhi ikawa nyekundu. Majani makubwa kama sahani yalitanda chini, mekundu ya damu ya mzee na mengine ya rangi ya papai, yakilia tulipoyakanyaga. Nikapiga kelele kwamba tumefika. Bibi akaniambia haya ya chini anayajua, ameyaona miaka thelathini.

"Tabu, kuna mwanamume hapo?"

"Kuna punda. Naye ametupa mgongo."

Bibi aliuweka ufito chini, akainua pindo la kitambaa, akatoka. Alisimama na kichwa amekielekeza juu, kinywa wazi kidogo kama mtoto. Sijui aliona nini. Kwa macho yale pengine hakuona tawi wala jani, ila wekundu mmoja mkubwa umetanda juani. Alikaa hivyo muda mrefu, hata mimi nikamaliza mkate.

"Kumbe ni mkubwa hivi," alisema.

Nilipogeuka, Tabu hakuwapo. Alikuwa ameinama akaingia ndani ya shiraa, karibu na Mama aliyekuwa bado ameshikilia ufito wake wa nyuma. Sauti yake ilitoka chini ya kitambaa.

"Kumbe ndani kuna yoto hivi."

Bibi hakuacha kutazama juu. Alikuwa akijisugua mkono kwa mkono. "Na ufito ni mzito," akasema.

Mimi nilidhani wanazungumza habari za joto na ufito. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, siku moja nimekaa na mto wangu mgongoni, ndipo maneno yale mawili yalipoanza kunilemea.

Bibi aliokota jani moja akalirudisha nyumbani, likawekwa katika kidaka ukutani. Shiraa haikutoka tena. Macho yalipofunga kabisa, Tabu alikuja kila kaskazi, akamshika mkono wakaenda, wakibishana njia nzima. Na miezi mingine ya mwaka Bibi alikuwa akiniita nimpe jani lake. Hulishika, akaniuliza, "Mume wangu, lingali yekundu?"

Nami, nikilitazama lilivyokuwa la kahawia kama tumbaku, nikamjibu, "Jekundu, Bibi." Nikajiona mwerevu kwa kumdanganya mtu asiyeona.

Leo nimelishika jani la Salim. Limekwisha kukauka, na kila nikilibinya linatoa sauti ya karatasi, kama lile la Bibi mkononi mwake. Sauti hiyo hata kipofu angeisikia.