Uvimbe Ambao Hakuna Aliyeugusa

Sikiliza kidogo, wewe unayefuga mbwa wa shamba. Nimeyaeleza haya hata koo limechoka, lakini nitayaeleza tena, polepole.

Bibi mmoja wa Munje alimleta mbwa wake jike kwenye kliniki yangu ya mifugo Diani kwa tuktuk, kamlaza juu ya gunia. Mbwa huyo ndiye aliyekuwa akiwafukuza nyani kwenye mahindi yake. Bila yeye hakuna mavuno. Karibu na titi la mwisho palikuwa na uvimbe kama limau, umeshapasuka.

"Shikamoo, bibi. Uvimbe huu umeanza lini?"

"Marahaba. Nimeuona jana, ulipotoa damu."

"Hujawahi kumpapasa?"

"Mbwa? Mwanangu, mie babu yako mwenyewe simpapasi!"

Nilicheka, kisha nikachoka. Nami nililelewa hivyo: mbwa ana kifuu chake cha kulia nje, na mate yake yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Basi hakuna mkono unaopita tumboni pake, na saratani hukua miezi bila mtu kujua.

Nilimlaza kwa dawa ya usingizi, nikaukata uvimbe kwa leza, mwanga mkali unaokata nyama na kuziba mishipa midogo papo hapo. Bibi alipouona mshono mkavu, akaanza kukunja gunia.

"Amepona."

"Bado, bibi. Ukilima magugu ya ndago kwa jembe, majani huondoka. Viazi vyake hubaki ardhini."

Kwa hiyo hufuata dawa za kemo, sindano ya mshipani kila baada ya wiki tatu, zitafute mbegu za saratani ambazo leza haikuziona. Nikamwonya: siku chache baada ya kila sindano, mkojo wake hutoka na sumu ya dawa, usiguswe kwa mkono mtupu.

"Hilo la kutogusa tunaliweza," akasema.

Kweli, hakukosa hata sindano moja. Lakini tulikuwa tumechelewa. Mbwa alilinda msimu mmoja zaidi, kisha saratani ikaingia mapafuni. Bibi alinipigia simu: "Nyani wamerudi, daktari."

Sasa ana mbwa mwingine, nami nimempelekea glavu. Mkono mkavu juu ya mbwa mkavu hauna najisi, nilimwambia, nawe nakwambia. Kila Ijumaa, kabla hujaoga, vaa glavu, mpapase mbwa wako titi kwa titi. Ukikuta kitu kigumu, hata kama punje ya mahindi, mlete wiki hiyo hiyo.