Mpiga Hodi Masikioni

Jirani yetu wa Pumwani, msaidizi wa daktari wa mifugo, alikuwa na vidole vinene kama magunzi, lakini sikio la mbwa alilishika kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Alilivuta ncha taratibu, akainama, akanong'ona, "Hodi." Kila mara hodi. Alitueleza kwamba njia ya ndani hushuka kwanza, kisha hukata kona kuelekea kwenye kiwambo cha sikio, kwa hiyo asiyevuta huona giza tu.

Jumamosi moja ya mwaka hamsini na sita, Bi Shamsia alimletea paka wake kikapuni, machozi yakimlengalenga. Panya walikuwa wamemaliza unga, na mumewe, Mzee Saad, alikuwa ameapa kumtupa paka ng'ambo ya Mto Mathare. "Ni kiziwi, daktari. Namwita mpaka sauti inanikauka, hageuki."

Jirani alipiga hodi kulia, akapiga na kushoto. Akamwacha paka asinzie kitini, akatunyamazisha, akaenda jikoni kufunua karatasi ya dagaa. Paka hakufumbua macho, ila sikio moja liligeuka peke yake likaelekea jikoni. "Lina misuli yake," alinong'ona. "Sasa mwite wewe."

Bi Shamsia akaita kwa mahaba. Masikio yote mawili yakamgeukia. Paka akaendelea kulala.

Jirani alikuna kidevu, akitafuta maneno ya heshima. "Amekusikia, Bi Shamsia. Bado anafikiria."

Paka alirudi nyumbani kikapuni. Jumatatu, Mzee Saad alinunua mtego wa panya.