Kelele ya Nyanda Kilimani

Nyanda Machibya alikuwa mtu wa kusema sawa. Ushirika ulipokufa na maghala yake ya Bariadi kuingia mikononi mwa kampuni ya mtu binafsi, aliambiwa atoe banda lake la kutengeneza baiskeli ndani ya uzio, akasema sawa. Mwaka uliofuata kampuni ilipaka ukuta rangi mpya ikamtaka asogee tena, akasogea. Mbele ya watu zaidi ya wawili aliitazama spana yake tu. Mwanamke mmoja alimsubiri miaka miwili atamke neno la posa, akachoka, akaolewa Lalago.

Alichokuwa nacho ni wadogo zake wawili, Marcelo na Esteria. Wazazi wao walifariki Mwamanyili, kando ya ziwa, ambako watoto hao walijua kuogelea kabla ya kujua kuhesabu. Nyanda aliwachukua, akawalea kwa kazi ya kuziba pancha. Walipopata nguvu aliwaundia baiskeli mbili za vyuma vya kuokoteza, wakaanza kubeba pamba ya watu kutoka Migato hadi gulioni, kituo cha kununulia pamba kwenye maghala yale.

Wabebaji wa njia ile wana utaratibu wao. Kwenye kilima, anayefika juu kwanza huilaza baiskeli yake na gunia lake, anarudi chini mbio, anamsukuma mwenzake. Haombwi wala hashukuriwi. Asiyerudi huitwa fisi, na msimu mzima atapanda peke yake.

Siku hizo kampuni za pamba zilikuwa nyingi na kila moja ilitaka kujulikana kuliko nyingine. Ile ya kwenye maghala ikaandaa mashindano ya baiskeli. Marcelo akawa wa kwanza, Esteria wa nne, nyuma yake wanaume tele wakimeza vumbi. Mzungu mmoja, fundi mitambo wa kampuni, akasema kule Afrika Kusini kuna mbio za siku nzima: unaogelea karibu kilomita nne, unapanda baiskeli mia na themanini, halafu unakimbia arobaini na mbili. Kampuni ikawaza picha ya fulana yake gazetini. Ikawalipia, ikawanunulia na baiskeli mbili za mashindano.

"Hatuendi bila kaka," Esteria alimwambia Januarius, afisa wa kampuni. "Baiskeli zikiharibika nani atazishika? Wewe na tai yako?"

Ndivyo Nyanda alivyopanda ndege pamoja nao, Januarius na yule mzungu. Huko Januarius alikabidhiwa kijitabu cha sheria kwa Kiingereza, akasaini karatasi kwamba amewasomea wanamichezo wake. Kijitabu akakitumbukiza kwenye begi.

"Bosi, hicho kinasemaje?" Nyanda alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Kinasema waogelee, wapande baiskeli, wakimbie. Wewe kaza nati."

Nyanda akakaza nati.

Siku ya mbio alisimama juu ya kilima kirefu, katikati ya watu wasiomjua. Esteria akafika, wa tano kati ya wanawake, jasho limemkauka chumvi usoni. Marcelo alikuwa chini kabisa. Tumbo lilikuwa limemkamata tangu majini, anatapika huku anakanyaga, gurudumu linayumba kama la mlevi. Esteria akageuka kumtazama. Kisha akamtazama Nyanda. Na Nyanda, ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kumfukuza mbuzi, akapiga kelele kwa Kisukuma:

"Rudi! Rudi ukamsukume!"

Esteria akailaza baiskeli, akashuka mbio, akaweka kiganja kwenye mgongo wa kaka yake, akamsukuma mpaka juu. Watazamaji wakapiga makofi. Mwamuzi mwenye pikipiki hakupiga. Sheria za mbio zilikataza mshindani kumsukuma mwenzake; aliwaandika wote wawili, akawatoa mbioni.

Januarius alipokuja hakuuliza Marcelo ana hali gani. Aliongea na waamuzi Kiingereza, wakacheka pamoja. Nyanda alimwomba yule mzungu amtafsirie. Mzungu alisita, kisha akasema: "Amewaambia hawa ni watu wa porini, wamedhani wanapeleka pamba."

Hasira iliyomwingia Nyanda saa ile alirudi nayo Bariadi. Alilala nayo, akaamka nayo. Alikuwa akikaza spoku mpaka zinakatika.

Wiki ya pili tangu warudi, Januarius akawaita gulioni asubuhi, wakulima wakiwa kwenye foleni ya mizani. Mezani kulikuwa na barua.

"Mwangaluka, bosi," Nyanda aliamkia. Januarius akamsogezea barua.

"Sahihi mbili. Ya Esteria, na yako wewe mlezi. Waandaaji wanataka maelezo."

Esteria akaisoma kwa sauti. "'Nilisomewa sheria zote, nikazielewa, nikazivunja kwa makusudi.' Nani alinisomea?"

"Usinipotezee muda. Ukisaini unafungiwa miaka miwili, basi. Ukikataa, kampuni haikujui."

"Miaka miwili! Na wewe unafungiwa mingapi?"

Foleni ikacheka. Mzee Mahona, mkulima wa Migato, akadakia: "Anafungiwa kwa kumsukuma ndugu yake? Mimi basi ningenyongwa."

"Mzee, kaanike pamba yako kwanza. Imejaa maji."

"Maji hayo nimeyaweka yafidie kilo zinazoliwa na mizani yenu, baba."

Januarius akamgeukia Nyanda, akalainisha sauti. "Wewe ni mwelewa. Saini, naye atafuata."

"Kaka," Esteria akasema, "ukisaini hiyo, mimi ni mwizi mpaka nazeeka."

Nyanda akachukua kalamu. Marcelo akainamisha kichwa. Lakini kalamu haikwenda kwenye mstari wa sahihi. Ilikata maelezo yaliyochapwa, kisha ikaandika juu ya mstari huo, kwenye nafasi tupu, kwa herufi kubwa za darasa la saba, moja moja, na mpima mizani akaacha kupima ili atazame. Alipomaliza akasaini, akampa Esteria, naye akasaini.

"Umeharibu barua ya kampuni!" Januarius akainyakua ncha moja. Nyanda hakuachia ncha ya pili.

"Isome."

"Niachie!"

"Isome!" Sauti ilivuka ukuta. "Kile kitabu hukusoma. Hii utasoma! Wasomee hawa!"

Januarius aliyatazama maandishi, akaitazama foleni, akaachia. Hakusoma. Esteria ndiye aliyesoma, kwa sauti ya kufika nyuma kabisa: "Hatukusomewa sheria. Aliyepewa kitabu ni Januarius. Aliyemwita msichana arudi kusukuma ni mimi, kaka yake."

"Ikifika saa sita," Januarius akasema, "nisione banda lako kwenye ukuta huu. Na zile baiskeli za mashindano zirudi leo."

"Utazikuta getini," Nyanda akamjibu.

Akakunja barua, akamkabidhi Marcelo aipeleke posta; anwani ya waandaaji ilikuwa palepale juu. Esteria akapanda kwenye karia ya baiskeli ya Marcelo, wakaondoka. Kama waandaaji wangemwamini fundi baiskeli wa Bariadi au wasingemwamini, hakuna aliyejua.

Nyanda akaenda kubomoa banda. Bati la kwanza lilimchana kiganja, hakuhisi. Aliing'oa misumari kwa hasira, mingine ikamponyoka. Bati la pili lilikataa kutoka. Akaweka mguu ukutani, juu ya jina la kampuni, akalivuta.